Namba Kutoka Darajani

Machi 3, Jumatatu

Leo nimekabidhiwa mto. Mkuu wa kituo alisema hivyohivyo, wala hakutabasamu: "Kuanzia leo mto ni wako, sisi wengine ni wageni wako." Kazi ya kituo chetu ni kuangalia maji na kupiga king'ora yakizidi. Msimu huu vifaa saba vitafungwa kwenye madaraja saba, kila kimoja kikipima kina cha maji, kasi na mvua kila baada ya sekunde mbili na kututumia kila dakika kumi. Mimi ndiye wa kuandika programu itakayokaa ndani yake. Shida ni kwamba vipimo ni vingi, mtandao wa huko juu ni wa kubahatisha, na betri inatakiwa ifike mwisho wa masika. Lazima nivibane kabla ya kuvituma.

Daktari wa macho kaniambia nikitoka kazini nisitazame skrini tena. Ndiyo sababu ya daftari hili. Tuone nitafika nalo wapi.

Machi 5, Jumatano

Nimepata maktaba ya kubana data. Mama alidhani nimejiunga na maktaba ya vitabu, akafurahi sana. Ikabidi nimweleze kwamba hii ni programu iliyoandikwa na watu wengine, nami naiita kutoka ndani ya programu yangu ya lugha ya C. Naipenda C. Haikubembelezi. Inakuachia kumbukumbu ya mashine mikononi mwako, na ukikosea, kosa ni lako.

"Sasa inabana vipi?" mama akauliza, huku anatunga uzi kwenye cherehani.

Nikamwambia mto ukitulia kipimo ni kilekile: sentimita mia na arobaini, mia na arobaini, mia na arobaini. Maktaba haiandiki yote. Inaandika mara moja na kuongeza "hivyohivyo mara mia tisa". Hata vipimo vya nusu saa nzima vinaingia kwenye kisanduku kidogo cha baiti mia tano na kumi na mbili, na nafasi inabaki.

"Na mto usipotulia?"

"Vitabanika pia, ila si sana."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mshono wake.

Mwongozo wa maktaba una sentensi inayosema kisanduku kikijaa uiite tena, kwa maana huenda kuna yaliyobaki ndani. Nimejaribu na vipimo vya miezi mitatu iliyopita. Hakikujaa hata mara moja. Nikaandika kando ya msimbo wa programu yangu, "ukubwa unatosha", nikasonga mbele.

Machi 6, Alhamisi

Jua kali. Majaribio yote yamepita. Mkuu kasema "Vizuri", neno ambalo hulitoa mara moja kwa mwaka.

Machi 10, Jumatatu

Kila siku saa moja na nusu asubuhi simu ya mezani inalia, na kila siku ni Mzee wa Daraja. Ndiye msoma kipimo wa daraja la chini kabisa, lile lililo juu kidogo ya bondeni wanakokaa wafyatua matofali. Anashuka ngazi, anasoma namba zilizochorwa kwenye nguzo ya chuma, anapanda, anapiga simu. Kazi ya dakika moja anaifanya ya dakika kumi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Mama yako kaamkaje? Mashine zako zimeamkaje?"

"Zimeamka salama, mzee. Leo ngapi?"

"Subiri kwanza, usiwe na haraka kama chai ya hotelini. Vyura wamehama upande wa kulia. Andika hilo."

Sina pa kuandika vyura. Mwisho wa Aprili kazi yake inakwisha, kifaa kitasoma badala yake. Ameshapewa barua. Nimeshindwa kujua kama ameielewa.

Machi 14, Ijumaa

Mawingu. Mvua hakuna. Nimemkuta Jicho amesinzia mbele ya skrini saa tano asubuhi. Tunamwita Jicho kwa sababu kazi yake ni kutazama namba, lakini jicho lenyewe ndilo hilo.

Machi 18, Jumanne

Tumekwenda kufunga kifaa darajani, mimi na fundi wa mitambo. Fundi alipokuwa akikaza bolti juu ya nguzo, mimi nilishuka ngazi na Mzee wa Daraja. Ni vipande thelathini na moja vya saruji, vya mwisho vinateleza kwa ukungu wa kijani. Alikuwa na brashi ya kufulia mkononi. Kila Jumanne anasugua nguzo ili namba zionekane. Namba zenyewe kapaka rangi kwa mkono wake, nyekundu kuanzia mita tatu.

Ni mfupi kuliko sauti yake. Nilimtarajia mtu mkubwa.

"Basi hicho ndicho kinachonirithi," akasema, akakitazama kifaa. "Kidogo hivyo!"

"Kidogo lakini hakilali, mzee."

"Mimi nikiugua nasema naumwa, mke wangu anashuka badala yangu. Hiki kikiugua kitasema?"

"Kitasema, mzee."

"Kwa kweli?"

"Kwa kweli. Kikikosea kinatuma taarifa ya kosa."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mkewe alituletea chai pale barabarani, akasimama nasi mpaka vikombe vikaisha. Kumbe Mzee barua aliielewa vizuri sana. Wakati tunaondoka aliniambia kwa sauti ya chini, "Miaka ishirini na sita, mwanangu. Nguzo haijawahi kukosa kusomwa asubuhi hata moja. Waambie huko waandike hilo mahali." Nikasema nitawaambia.

Machi 19, Jumatano

Mvua ya kwanza. Mama kaweka ndoo mbili koridoni. Vifaa vyote saba vinatuma.

Machi 24, Jumatatu

Mvua. Mzee kapiga saa moja na nusu kamili. Namba yake na namba ya kifaa zimelingana mpaka sentimita. "Mwenzangu hajambo," akasema. Nikacheka kweli.

Machi 27, Alhamisi

Jicho kanifuata mezani. "Dada, namba ya darajani jana iliganda. Dakika arobaini mia na sabini, mia na sabini, halafu ikaruka ghafla mia mbili na tano."

"Mtandao," nikamwambia. "Mvua ikinyesha mtandao unachechemea."

"Lakini madaraja mengine hayakuganda."

"Kaka, kifaa kingekuwa na kosa kingesema."

Akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha akaondoka. Nilijiambia ya mtu anayesinzia saa tano asubuhi siyasikilizi.

Aprili 1, Jumanne

Mvua siku ya sita. Ukuta wa bafu umeanza kuota ukungu. Sijamwambia mkuu habari za Mzee na ile miaka ishirini na sita. Nitamwambia kesho.

Aprili 2, Jumatano

Mvua. Jicho tena: imeganda, robo saa. Nimemjibu bila kuinua macho.

Aprili 7, Jumatatu

Jua lilitoka saa mbili nzima. Watu walianika kila kitu, hata magodoro. Mzee kasema tusidanganyike, huko juu milimani kumefunga. Nikamuuliza amejuaje. "Nina macho," akasema. Mita moja na sitini.

Aprili 8, Jumanne

Mvua. Mita moja na sabini na tano.

Aprili 10, Alhamisi

Jana sikuweza kuandika. Leo naandika kwa sababu nikiacha, nitaanza kuibadilisha kichwani.

Jana, Jumatano ya tarehe tisa, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Asubuhi Mzee alisoma mita moja na themanini na nane, kifaa nacho kikasema hivyohivyo. Mkuu alikwenda mkutanoni. Saa nane kasoro Jicho akasema, "Imeganda tena, dada. Tangu saa saba na nusu ni mia na tisini, haikohoi." Nikasema inachelewa tu, itafika. Niliangalia kama kuna taarifa ya kosa. Hakuna. Kila mara kifaa kilipotuma, maktaba ilikuwa imejibu "sawa". Niliyaona hayo majibu kwa macho yangu, yamepangana kwenye skrini: sawa, sawa, sawa.

Saa nane na nusu simu ya mezani ikalia. Saa nane na nusu si saa yake. Hakuamkua wala hakusubiri kuamkuliwa.

"Mwanangu, piga king'ora."

"Kuna nini, mzee?"

"Maji yamebadilika. Yananuka udongo wa juu, yana rangi ya kahawa, na nasikia mawe yanagongana chini. Hayo si maji ya mita mbili. Piga."

Niliangalia skrini. Mia na tisini. Kanuni yetu inasema king'ora hakipigwi bila kipimo cha mita tatu, maana mwaka juzi kilipigwa bure, watu wakakimbia na mama mmoja akavunjika nyonga. Mkuu aliibandika kanuni hiyo ukutani juu ya simu. Niliisoma huku nikiongea naye.

"Mzee, kifaa kinasema mita moja na tisini."

"Kifaa kinasema nini?"

"Moja na tisini. Shwari."

Nilisikia mvua kwake zaidi kuliko nilivyoisikia dirishani kwangu.

"Mwanangu, nakuambia ninachokiona."

Na mimi nikasema, naandika kama nilivyosema, neno kwa neno: "Mzee, siwezi kupiga king'ora kwa harufu. Nipe namba."

"Unataka namba."

"Ndiyo, mzee. Nipe namba nitapiga papo hapo."

"Haya," akasema. "Ngoja kwanza niwaamshe watu wa bondeni, halafu nitakuletea namba yako."

Akakata. Jicho alikuwa amesimama nyuma yangu. "Piga," akasema. Nikamwonyesha kanuni. Akasema, "Dada, piga tu, mimi nitasema ni mimi." Sikupiga. Nilisema tusubiri kifurushi kijacho cha data, dakika kumi tu. Dakika kumi zikapita, zikaja nyingine kumi. Mia na tisini. Sawa. Mia na tisini. Sawa.

Saa tisa na dakika nane simu ikalia. Alikuwa anapiga kelele, si kwa hasira, bali kwa sababu ya maji.

"Mita tatu na arobaini! Umesikia? Tatu na arobaini, na bado—"

Hakukata simu. Ilibaki wazi, ikiunguruma, kisha ikafa.

Nilipiga king'ora. Mkono wangu ulikuwa juu yake kabla sijajua nimenyanyuka. Jicho aliwapigia zimamoto. Mimi nilipiga namba ya Mzee mara kumi na tisa.

Bondeni nyumba arobaini na mbili zimekwenda na tanuri zote za matofali. Mtu hata mmoja hakufa bondeni. Alikuwa ameshapita mlango kwa mlango, wengine aliwatoa kwa kuwatukana, wanasema hawajawahi kumsikia akitukana. Wa mwisho kumwona ni mwanamke aliyebeba mgonjwa mgongoni. Anasema alimwambia, "Mzee, panda huku na sisi." Naye akamjibu kwamba kuna binti kazini anasubiri namba.

Aprili 11, Ijumaa

Wamempata. Asubuhi, chini ya daraja la reli.

Mvua imekatika. Na mto ulipotulia, vifurushi vyote vya kifaa cha darajani vikaanza kuingia. Jicho aliniita, akanisogezea kiti chake tu. Mafuriko yote yalikuwemo, kila sekunde mbili. Hakuna kilichopotea. Maji yalivuka mita tatu saa nane na dakika thelathini na saba. Dakika saba baada ya simu yake ya kwanza. Kwa mpango niliouandika mwenyewe, skrini ingenionyesha kufikia saa nane na arobaini, na yeye wakati huo alikuwa bado bondeni anagonga milango.

Saa tisa na dakika nane: mita tatu na sentimita arobaini.

Aprili 12, Jumamosi

Wamemzika. Sikwenda. Nilivaa, nikafika kituo cha basi, nikarudi.

Aprili 14, Jumatatu

Nimeipata. Iliniwia rahisi mno, na hilo ndilo linalonichoma.

Nilichukua vipimo vya tarehe tisa nikavipitisha kwenye programu yangu hapa mezani. Mto uliotulia unabanika kwa sababu unajirudia. Mto uliochafuka, na hakuna unapochafuka kama kwenye daraja la chini, haujirudii. Kila kipimo ni kipya, kasi inaruka, mvua inaruka, hakuna cha kuandika mara moja na kusema "hivyohivyo". Kisanduku changu cha baiti mia tano na kumi na mbili kilijaa. Maktaba ikatoa kilichoweza kuingia, ikakizuia kingine ndani yake, ikajibu "sawa". Haikunidanganya. Ilikuwa sawa kweli: ilikuwa inasubiri niiite tena, kama ule mwongozo ulivyosema. Mimi niliiita mara moja nikageuka. Huku kituoni kifurushi kilifika nusu, hakifunguki, skrini ikabaki na namba ya zamani. Kifurushi kilichofuata kikaanza na mabaki ya kwanza, kikaacha mabaki makubwa zaidi. Kadiri mto ulivyozidi kuchafuka ndivyo tulivyozidi kuona maji ya zamani.

Dawa yake ni mistari miwili. Zunguka, ita tena, mpaka kisanduku kisijae. Nimeiandika kwa dakika nne. Nikavipitisha tena vile vya tarehe tisa, vyote vikatoka kwa wakati wake.

Juu ya mahali pa kosa pana maneno yangu mwenyewe: "ukubwa unatosha". Machi 5.

Aprili 15, Jumanne

Nilimpelekea mkuu niliyoyakuta. Alisoma amesimama. Akaniuliza nani mwingine anajua, nikasema Jicho.

"Andika hitilafu ya mtandao," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Siku zote nimemwona mtu wa mihuri na faili, nikajua atalinda kiti chake. Nikamwambia si mtandao.

"Najua si mtandao. Nimesoma." Akakaa. "Binti, kamati ya uchunguzi itakumaliza. Mimi ndiye niliyekuharakisha. Wewe uliomba wiki mbili ujaribu na vipimo vya masika, ukumbuke, nikakupa siku moja. Kanuni ya mita tatu nimeiandika mimi. Barua ya kumwachisha kazi nimeitia saini mimi." Akavua miwani. "Tuliajiriwa wiki moja, mimi naye. Alikuwa ananiletea mahindi."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliomba wiki mbili. Nimemkuta hapo kwenye kiti mtu aliyefiwa, na mimi nilikuja na ulimi uliochongoka. Baadaye nikamwambia, "Nitaandika ilivyokuwa, mkuu. Na yako utaandika mwenyewe." Akasema, "Basi niachie mpaka kesho nipate pa kuanzia."

Aprili 16, Jumatano

Jicho ana kijitabu. Sikujua. Ameandika kila mara namba ilipoganda tangu mwezi Machi: tarehe, saa, dakika, hali ya mvua. Mara kumi na moja. Penye mara tatu ameandika "nimemwambia".

Huyu ndiye niliyemwita msinziaji. Kumbe mkewe yuko kitandani tangu Januari na yeye ndiye anayemgeuza kila baada ya saa mbili. Miaka minne tumekaa chumba kimoja, sijamuuliza.

Akaniambia, "Ukurasa huu nikiuchana, dada, hakuna atakayejua uliambiwa." Alikuwa ameushika tayari.

Nikamwomba aniazime nikatoe nakala, niiambatishe kwenye ripoti.

Aprili 22, Jumanne

Mvua. Mita moja na hamsini, kifaa hakigandi tena. Saa moja na nusu ofisi nzima inanyamaza, hakuna anayemwangalia mwenzake.

Aprili 29, Jumanne

Kamati ilikaa leo. Watu watano, meza ndefu, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mwenyekiti aliniuliza kama maktaba ina kasoro. Nikasema haina. Akauliza kama kifaa kina kasoro. Nikasema hakina. "Sasa kasoro iko wapi?" Nikasema iko kwenye mstari wa mia mbili na kumi na nne, niliuandika mimi, na kwenye simu ya saa nane na nusu, niliyoipokea mimi. Mkuu alisimama baada yangu akasoma yake, kurasa mbili, bila kukohoa.

Aprili 30, Jumatano

Leo ndiyo ingekuwa siku yake ya mwisho kazini.

Mei 5, Jumatatu

Uamuzi umetoka. Kila daraja litakuwa na mtu pamoja na kifaa, na mtu akisema piga, kinapigwa. Mkuu anahamishwa. Mimi naondolewa kwenye uandishi wa programu kwa mwaka mmoja, nitakuwa chumba cha kumbukumbu. Nilitegemea kufukuzwa. Nilipoambiwa sifukuzwi nilijisikia vibaya zaidi, kana kwamba nilikuwa nimelingojea hilo nipumzike.

Mei 12, Jumatatu

Mvua nyembamba. Mama aliacha kushona, akaniangalia. Wiki nne hajaniuliza kitu, ananiwekea chakula na kukiondoa.

"Karatasi umeipeleka kwa kamati," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa mke wa Mzee umepeleka nini?"

Nikasema nitakwenda kusema nini? Pole? Watu wote wameshampa pole. Akasema, "Pole hajakosa. Huna haja ya kumpelekea hiyo." Akarudi kwenye mshono.

Mei 17, Jumamosi

Nimekwenda.

Nyumba yao iko upande wa juu wa barabara, maji hayakuifikia. Mke wa Mzee alikuwa anapepeta mchele uani, peke yake. Alinitambua. Nikamwamkia, akaitika, akanionyesha kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuanzia, yote yakayeyuka. Nikasema tu, "Mama, mimi ndiye niliyemwambia anipe namba."

Ungo ukasimama.

"Wewe."

"Mimi, mama."

"Walituambia mtandao," akasema. "Mtu mmoja alikuja na maua akasema mtandao."

"Si mtandao."

"Haya, sema."

Nikamweleza. Nilianza na simu, akanikata. "Usianze na simu. Anza pale ulipoanza wewe." Kwa hiyo nilianza na maktaba, na kisanduku, na ile sentensi niliyoiruka. Sikujua ataelewaje, lakini aliuliza pale ambapo hata kamati haikuuliza. "Yaani ilikuwa inajua? Ile mashine pale juu ya nguzo, ilikuwa inajua maji yamefika tatu?"

"Ilikuwa inajua, mama."

"Na yeye anashuka ngazi mbele yake kwenda kutazama kitu ambacho ile inakijua."

"Ndiyo."

Hakulia. Aliushika ungo kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika usukani. Nikamaliza: king'ora, mara kumi na tisa nilizopiga. Nikamwambia kuhusu mwanamke aliyebeba mgonjwa na alichomsikia akisema. Hilo alikuwa hajaambiwa.

Nilidhani atanifukuza. Nilishajiweka tayari kuinuka. Akaniuliza, "Una haraka?"

"Sina."

"Basi kaa. Wanangu wanakuja."

Wa kwanza kufika alikuwa binti yao, mwalimu, na mkoba wa madaftari. Mama yake akamwambia, "Huyu ndiye aliyekuwa kwenye simu. Keti umsikilize." Kwangu akasema, "Mwambie kama ulivyoniambia mimi." Nikamwambia. Katikati binti aliinuka akaenda kusimama ukutani, amenipa mgongo, lakini hakuingia ndani. Nilipofika mwisho alisema, "Ungepiga tu," mara mbili, bila kugeuka. Nikasema ndiyo, ningepiga tu.

Saa nane akaja mwanawe dereva, na hasira kabla hajakaa, maana dada yake alimwita kwa simu. Alisimama juu yangu. Mama yake akasema, "Mpige ukishasikia, si kabla." Nikaanza upya. Safari hii nilichoka, nikaona niruke pale pa mwongozo na maneno ya kando, nikafika haraka kwenye mafuriko.

"Usifupishe," mama yao akasema. Hakuinua sauti. "Kuna kitu umeruka."

Nikarudi nikakisema. Dereva hakunipiga. Alikaa chini kwenye saruji, akavua viatu, akaviweka sambamba mbele yake, akavitazama mpaka nilipomaliza. Kisha akaniuliza baba yake alisema nini hasa kwenye simu ile ya mwisho, na kwa sauti gani. Nikamwambia. Akataka niirudie sauti. Nikajaribu, na hapo ndipo nilipolia mbele yao, jambo ambalo nilikuwa nimejiapiza sitalifanya. Hakuna aliyenibembeleza. Hakuna pia aliyeniambia niache. Binti mwalimu aliniletea maji kwenye kikombe cha bati, akakiweka chini karibu na mguu wangu, akarudi ukutani.

Mchele ulikwisha kupepetwa. Jua lilikuwa limeingia uani mpaka nusu. Nikasikia lango, na mama yao akasema huyo ni kitinda mimba wao, katoka mbali, amesafiri tangu jana, na ndiye aliyekuwa mtu wa baba yake kuliko wote.

Akaingia na begi begani, akatuangalia mmoja mmoja.

Mama yake akamsogezea kigoda mbele yangu, karibu sana, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Huyu ndiye," akamwambia. Halafu akanigeukia mimi. "Kunywa maji, mwanangu. Anza mwanzo."